Kelele Zenye Adabu: Bendi ya Fugazi Jukwaani

Msomaji, neno roki likitajwa mbele ya watu wazima wengi katika nchi yetu, nyuso hukunjwa. Wao huwaza vijana wenye nywele timutimu, magitaa yaliyotiwa umeme, na kishindo cha kumfanya mtu azibe masikio. Nao vijana wakiulizwa kwa nini wanaupenda muziki huo, aghalabu hujibu kwa neno moja tu, kwamba una nguvu. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Nguvu ni kitu gani katika muziki? Radi ina nguvu, wala hakuna mtu anayelipa kiingilio kwenda kuisikiliza. Lori lipandalo mlima likiwa na shehena ya mawe lina nguvu, nasi hulipisha tukaendelea na safari zetu. Kazi ya mhakiki ni kuuliza nguvu hiyo yatoka wapi, yatumiwaje, na yamfanyia nini yule anayeipokea.

Nimechagua kulijibu swali hilo kwa kuitazama bendi moja ya Marekani iitwayo Fugazi, iliyokuwa ikipiga muziki tangu mwaka 1987 hata mwaka 2002. Bendi hii haikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Haikutengeneza sinema fupi fupi za kuonyeshwa katika televisheni kama zilivyofanya bendi nyingi za zama zake. Haikuuza hata fulana zenye jina lake. Walakini ilipiga mbele ya watu zaidi ya mara 1,000, ikajaza kumbi Marekani, Ulaya, Australia, Japani na kwingineko. Watu walivutwa na yale waliyoyaona na kuyasikia jukwaani, nao wakaenda kuwaambia wenzao, na wenzao wakaja.

Dai langu nalitoa mapema ili upate kunipima nalo unaposoma. Nasema kwamba nguvu ya Fugazi haikutoka katika ukubwa wa kelele zao, bali katika adabu. Wala sineni adabu kwa maana ya kuinama na kunong'ona. Nanena ile ya kujua haki ya mwenzako na kumwachia nafasi yake, awe ni mwenzako wa jukwaani au ni mtu usiyemjua aliyesimama gizani mwisho wa ukumbi.

Yafaa kwanza tujue walikotoka. Mtu asiyeijua Washington hudhani kuwa ni mji wa marais na mabalozi tu. Kumbe ni mji uliokuwa na watu weusi wengi kwa vizazi, na watu hao waliubuni muziki wao katika miaka ya 1970, nao wauita go-go, ambao baba yake ahesabiwa kuwa Chuck Brown. Katika go-go ngoma hazinyamazi baina ya wimbo na wimbo. Mwimbaji huita, watu huitika, na wimbo huendelea kwa kadiri watu wanavyotaka uendelee. Msomaji aliyepata kusimama katika ngoma ya kwao, akamsikia mwimbishaji akirusha sauti na kundi zima likaidaka, hahitaji maelezo marefu hapa.

Katika mji huo huo walitokea Bad Brains, vijana weusi walioanza kwa kupiga jazi, kisha wakashika muziki wa panki na baadaye imani ya Kirastafari. Panki ni tawi la roki lililochipuka katika miaka ya 1970, lenye nyimbo fupi, za kasi, zinazoweza kupigwa na mtu yeyote mwenye gitaa na neno la kusema. Bad Brains waliupiga kwa kasi isiyopata kusikiwa, kisha katika usiku ule ule wakageuka na kupiga rege kwa utulivu. Miongoni mwa vijana wazungu waliowatazama kwa mshangao alikuwamo Ian MacKaye, aliyezaliwa Washington mwaka 1962, nawe utamkuta mara kwa mara katika kurasa hizi. Mimi huona kwamba mtu asiyeyajua haya mawili, go-go na Bad Brains, ataisikia Fugazi kwa sikio moja tu.

MacKaye na rafiki zake walikuwa na bendi wangali vijana wa shule, ikiitwa Teen Idles. Tatizo lao lilikuwa mlango. Muziki ulipigwa katika mabaa, na mabaa hayakuruhusu watoto kuingia kwa sababu ya pombe. Mwaka 1980 walisafiri hata California, na katika ukumbi mmoja wa San Francisco wakakubaliwa kuingia kwa sharti kwamba wachorwe herufi X kubwa nyeusi mikononi, ili muuzaji awatambue asiwape kinywaji. Wakarudi na shauri hilo kwao Washington, na milango ikaanza kufunguka. Mwaka huo huo, kwa fedha kidogo walizoziweka akiba kutokana na maonyesho yao, wakatoa santuri yao wenyewe na kuanzisha kampuni ndogo ya santuri, Dischord. Hapakuwa na mtu mzima aliyewafanyia. Kitu hiki kidogo, yaani kijana kuzuiwa mlangoni, kiliamua mambo mengi yaliyofuata. Fugazi walipokuja kuweka sharti kwamba maonyesho yao yawe wazi kwa watu wa umri wowote, hawakuwa wakitafuta sifa. Walikuwa wakikumbuka kusimama nje.

MacKaye aliimba baadaye katika bendi ya Minor Threat, iliyokoma mwaka 1983. Kufikia hapo makusanyiko ya panki yalikuwa yameharibika. Kucheza kulikuwa kumegeuka kupigana. Vijana wenye misuli walijitwalia nafasi ya mbele ya jukwaa, wakarushiana viwiko na mateke, nao wasichana na wadogo wakasukumwa nyuma hata ukutani, au wakaacha kabisa kuja. Muziki uliokuwa umewafungulia mlango walionyimwa nafasi sasa uliwafungia watu wengine.

Ndipo tarehe 3 Septemba 1987, katika ukumbi wa Wilson Center mjini Washington, Fugazi wakapiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Walikuwa watatu: MacKaye mwenye gitaa na sauti, Joe Lally mwenye gitaa la besi, na Brendan Canty mpiga ngoma. Baada ya muda mfupi akajiunga nao Guy Picciotto, aliyekuwa na Canty katika bendi ya zamani iliyoitwa Rites of Spring. Hapo kwanza Picciotto aliimba na kucheza tu. Baadaye akashika gitaa la pili. Wanne hao hawakubadilika hata mwisho. Jina la bendi ni neno la mitaani la askari wa Kimarekani waliopigana Vietnam, nalo lasema habari ya jambo lililovurugika vibaya.

Sasa natuingie ukumbini. Hatuwezi kwenda wenyewe, lakini ziko kanda nyingi za sauti, na iko sinema ya Jem Cohen iitwayo Instrument, iliyotolewa mwaka 1999, ambayo mtengenezaji wake aliifuata bendi hii kwa miaka kumi na zaidi. Tazama jukwaa lenyewe. Hakuna moshi wa mashine, hakuna mavazi ya kumetameta, hakuna taa za rangi saba. Kuna watu wanne waliovaa kama mafundi waliotoka kazini. Nyuma, kando ya ngoma za Canty, imetundikwa kengele kubwa ya chuma, ndugu ya ile inayowaitia ninyi chakula cha mchana, naye huigonga muziki ufikapo kileleni. Sauti yake huwa kavu na ya ghafula, na kila mtu husimama wima.

MacKaye hupiga gitaa kama mtu apasuaye kuni, miguu ameitanua, kichwa kikitikisika. Picciotto ni mtu wa namna nyingine kabisa. Hujinyonga kama nyoka aliyekanyagwa mkia, huanguka, huviringika, hupanda juu ya maspika. Mwaka 1988 huko Philadelphia walipiga katika ukumbi wa michezo. Picciotto akaupanda mlingoti wa mpira wa kikapu, akapitisha miguu katika pete, akaning'inia kichwa chini miguu juu, na akaendelea kuimba. Sinema imeihifadhi picha hiyo, nayo imekuwa mashuhuri kuliko nyimbo zao nyingi.

Je, hayo si mazingaombwe? Swali hilo ni la haki, wala mhakiki asilikimbie. Bendi nyingi za roki huruka na kuanguka, na kuruka si shani. Nyani pia huruka. Lakini angalia ni lini Picciotto huruka. Haruki tangu mwanzo ili awaamshe watu. Hungoja muziki ujikusanye, uzito uongezeke, kamba ivutwe hata ikaribie kukatika, na mwili wake huwa ndio mahali kamba ile inapokatikia. Wenzake watatu hawamfuati. Lally husimama karibu kama mti, vidole tu vikitembea, na kwa sababu yeye amesimama, huyu mwingine aweza kuanguka bila ya wimbo kuanguka naye.

Ukitaka kulielewa jambo hili kwa masikio badala ya macho, chukua wimbo wao unaojulikana zaidi, Waiting Room, waliourekodi mwaka 1988 katika studio ya Inner Ear, Arlington, Virginia. Gitaa la besi huanza peke yake. Mwendo wake ni wa rege, mzito na wenye mapengo ndani yake, kama hatua za mtu anayetembea huku na huku katika chumba kidogo. Gitaa na ngoma huingia. Unaanza kutikisa kichwa. Na hapo, kabla sauti ya mtu haijasikika hata mara moja, kila kitu hunyamaza. Sekunde chache za ukimya mtupu! Kisha wote wanne hurudi pamoja kwa pigo moja, kana kwamba mlango umefunguliwa kwa teke.

Bendi iliyozoea kujiringa isingethubutu kunyamaza pale. Ingeogopa kwamba watu watageuza macho. Fugazi walinyamaza katika wimbo wao wenye mvuto mkuu, na tena mwanzoni mwake. Katika kanda za maonyesho utasikia ni nani anayelijaza pengo hilo: ni watu wenyewe, kwa vigelegele na kelele zao. Wameachiwa nafasi, wakaitwaa. Hapa ndipo ninapoiona go-go ya Washington na kuitikiana kwa ngoma, ijapokuwa hakuna ngoma ya kienyeji wala kiitikio cha kawaida. Na maneno ya wimbo, maana yake ni subira: mtu anayengoja kwa kusudi, asiyekubali kuharakishwa kutenda kabla hajawa tayari. Umbo la wimbo na maana yake vyasema jambo moja. Nyimbo za roki zenye sifa hiyo ni chache kuliko mashabiki wake wanavyodhani.

Jambo la pili la kutazamwa ni kwamba hawakuwa na orodha ya nyimbo. Wengi mmeona jinsi kwaya ya shule inavyokwenda kwenye mashindano. Nyimbo mbili zimekaririwa tangu Januari, kiongozi ana kijiti, na mtoto wa safu ya tatu ajua ni wapi atatabasamu. Sisemi kwamba hayo ni mabaya, nimeyasimamia mwenyewe. Lakini Fugazi, waliokuwa na nyimbo kwa makumi, walipanda jukwaani bila ya kujua ni ipi itakayofuata. Mmoja alianza kwa alama ndogo, pigo moja la ngoma au noti mbili za gitaa, na wengine wakaitambua wakajiunga. Mara nyingine wimbo mmoja uliyeyuka ukawa mwingine pasipo kusimama. Haiwezekani kufanya hivyo kwa nguvu za mikono tu. Yapasa kusikiliza muda wote. Maonyesho yao yalitisha na kufurahisha kwa sababu hiyo, kwa kuwa watu walihisi kwamba jambo linatendeka sasa, mbele yao, na laweza kuharibika wakati wowote. Mara nyingine liliharibika kweli. Kanda zimehifadhi na hizo.

Sasa nafika kwenye jambo lililowapa Fugazi sifa na lawama kwa pamoja. Walipoona chini ya jukwaa watu wanaumizana, walisimamisha muziki. Hawakuita mabaunsa. MacKaye alimwendea mhusika kwa maneno, mara nyingi akimwita bwana, kwa lugha ya heshima iliyokuwa chungu kuliko matusi. Akimwomba aache, na mtu yule asipoacha, alitolewa nje, na akiwa njiani alikabidhiwa bahasha yenye dola zake 5 za kiingilio. Hakudhulumiwa, alirudishiwa mali yake akaambiwa kwaheri. Katika sinema ya Cohen yumo pia Picciotto akimsema kijana mmoja mgomvi, kwamba alimwona kabla ya onyesho akila aiskrimu kama mtoto mdogo mwema, na sasa ajifanya simba. Ukumbi ulicheka. Nadhani kijana yule hakuisahau aiskrimu hiyo.

Fikiri ugumu wa jambo hili. Bendi ya kujitegemea haina mshahara. Wale waliokuwa wakirushiana viwiko mbele ndio waliokuwa wanunuzi wao wa kwanza, watu waliompenda MacKaye tangu siku za Minor Threat. Kuwakemea ni kumkemea mteja dukani mwako. Na wengi wao walikasirika. Walisema kwamba wameuzwa, kwamba panki ni uhuru, na mtu huru hacheza kwa ruhusa. Hoja hiyo si ya kijinga. Lakini uhuru wa nani? Msichana aliyesimama ukutani kwa hofu ya kuvunjwa jino naye alilipa dola 5. Fugazi waliuliza swali hilo hadharani, usiku baada ya usiku, na kwa kuliuliza wakaigeuza hadhira yao. Wale waliokuwa nyuma walisogea mbele.

Wimbo wao Suggestion wahusika hapa. Wazungumzia mateso ya mwanamke anayesumbuliwa njiani na wanaume, nao waimbwa kana kwamba ni mwanamke anayesema, ilhali mwimbaji ni MacKaye. Wapo waliouliza ni kwa haki gani mwanamume atwae sauti ya mwanamke. Mimi naona kwamba katika santuri swali hilo lina uzito, maana huko wimbo wasikika kama hotuba iliyoandikwa vizuri. Katika ukumbi mambo ni mengine. Wanaume mia kadhaa wamesogeleana, wana jasho, wamechangamka, kisha muziki washuka na kuwa mwembamba, nao walazimika kusimama na kusikiliza mashtaka juu yao wenyewe, huku wanawake wanaosemwa wako bega kwa bega nao. Sijui njia nyingine ambayo wimbo huo ungeweza kuwafikia wale waliokusudiwa.

Habari ya fedha naipitia kwa haraka, kwa kuwa imesimuliwa sana na mashabiki wao hata ikawa kama hekaya ya watakatifu. Kiingilio kilikuwa dola 5 kwa kawaida, wakati bendi za kiasi chao zilitoza mara kadhaa ya hizo. Hesabu si ngumu: watu 1,000 kwa dola 5 ni dola 5,000, na bendi isiyo na meneja, isiyo na msafara wa malori, inayosafiri kwa gari dogo na kulala kwa marafiki, yaweza kuishi kwa fungu lake katika fedha hizo. Baada ya mwaka 1991, Nirvana walipoonyesha kwamba panki yaweza kuuza santuri kwa mamilioni, makampuni makubwa yalianza kuwinda. Ahmet Ertegun, mwasisi wa kampuni ya Atlantic, mtu aliyekuwa amefanya kazi na Ray Charles, alikwenda mwenyewe kuwaona. Wakamshukuru wakakataa. Jarida la Rolling Stone nalo lilipotaka mahojiano walitoa sharti kwamba toleo hilo lisiwe na matangazo ya pombe wala sigara. Mahojiano hayakufanyika. Kinachonihusu mimi kama mhakiki ni kwamba bei ile ndogo ilibadili sauti ya ukumbi. Mtu aliyelipa akiba ya mwezi mzima huja kudai; aliyelipa kidogo huja kusikiliza, na bendi isiyo na deni la mtu yaweza kunyamaza, kukosea, kusimamisha wimbo katikati.

Nimesifu vya kutosha. Sasa nitaje kasoro, maana uhakiki usio na kasoro ni tangazo la biashara.

Kwanza, walihubiri. Wale waliosema hivyo hawakukosea kabisa. Katika baadhi ya kanda, maneno ya kuonya ni mengi hata wimbo unaofuata waingia ukiwa umepoa. Sisi tunaofundisha walimu tunalijua kosa hili. Mwalimu mgeni akisumbuliwa na wanafunzi wawili husimamisha somo akawahutubia arobaini, na wale thelathini na wanane, ambao hawakutenda lolote, ndio wanaoadhibiwa. Fugazi walikuwa bora walipoiachia muziki kazi hiyo. Ukimya wa Waiting Room hufundisha kungoja kuliko hotuba yoyote ya MacKaye.

Pili, maneno yao mengi hayasikiki. Picciotto hasa hupenda mafumbo, na fumbo likipigiwa kelele huwa fumbo mara mbili.

Tatu, na hili ndilo kubwa, santuri zao kwa miaka mingi zilikuwa kivuli cha maonyesho yao. Wenyewe walilihisi. Mwaka 1992 walikwenda Chicago kurekodi na Steve Albini, fundi aliyesifika kwa kunasa sauti ya bendi kama ilivyo. Walifurahi sana wakiwa kule, lakini walipoisikiliza kazi ile baadaye hawakuridhika, wakaiacha, wakarudi Inner Ear kuanza upya. Santuri iliyotokea, In on the Kill Taker ya mwaka 1993, ni ya ukali mwingi na yastahili kusikilizwa, lakini bado yasikika kama watu wanaojaribu kuutia mto katika chupa. Santuri ninayoipenda zaidi ni ile ya mwisho, The Argument, ya mwaka 2001. Hapo waliacha kuufukuza ukumbi. Waliongeza mpiga ngoma wa pili, wakatia sauti ya selo, wakaruhusu nyimbo kuwa nyepesi na za huzuni. Ajabu ni kwamba yafanana zaidi na maonyesho yao kuliko zile zilizojitahidi kufanana nayo, kwa kuwa ina nafasi ndani yake. Najua wapo mashabiki watakaonipinga kwa ajili ya Repeater ya mwaka 1990. Na wanipinge, wasikilize zote mbili kwanza.

Palikuwa na siku moja ambapo yote niliyoyasema yalikutana mahali pamoja. Tarehe 12 Januari 1991, siku tatu kabla ya kufika mwisho wa muda ambao Umoja wa Mataifa uliipa Iraki iondoke Kuwait, Fugazi walipiga katika bustani ya Lafayette, ng'ambo ya barabara kutoka Ikulu ya Marekani, kupinga vita. Ilikuwa katikati ya baridi ya Januari, wala hapakuwa na kiingilio chochote. Vita havikuzuilika, vilianza juma lile lililofuata. Mtu akipima muziki kwa kuuliza kama ulizuia majeshi, atasema kazi ile ilikuwa bure. Lakini maelfu ya vijana walisimama siku hiyo mbele ya nyumba ya mtu mwenye mamlaka kuliko wote nchini mwao, wakiwa wengi, wenye hasira, wamezungukwa na kishindo, na wakajizuia kuumizana. Miaka minne mapema wengi wao wangekuwa wakirushiana ngumi kwa ajili ya nafasi ya mbele.

Onyesho la mwisho lilikuwa London, katika ukumbi wa Forum, tarehe 4 Novemba 2002. Hawakutangaza kwamba ni la mwisho. Walikuwa na familia na watoto, na kazi kama ile haikubali nusu ya mtu, basi wakasimama. Tangu mwanzo, hata hivyo, mafundi wao wa sauti walikuwa wakirekodi maonyesho, na kanda za maonyesho zaidi ya 800 zilikuwa zimewekwa katika masanduku. Mwaka 2011 Dischord walianza kuzitoa katika mtandao, kila onyesho peke yake, pamoja na makosa yake, nyuzi zilizokatika na ugomvi wa chini ya jukwaa. Bei waliyoipendekeza kwa onyesho moja ilikuwa dola 5.

Ukizipata, usianze na wimbo mashuhuri. Tafuta uitwao Furniture. Waliupiga jukwaani tangu mwaka 1987, lakini hawakuutoa katika santuri hata mwaka 2001. Kwa miaka kumi na minne aliyetaka kuusikia ilimbidi aende ukumbini au apate kanda ya rafiki. Usikilize jinsi ulivyokuwa mwaka ule wa kwanza, wakiwa wageni hata wao kwa wao, kisha usikilize santuri. Usiangalie ni upi ulio na kelele zaidi. Hesabu mapengo, uandike katika daftari ni chombo gani kinachonyamaza na ni kipi kinachoachiwa nafasi, kisha mpe mwenzako asikilize naye bila ya kuona hesabu yako, mzilinganishe.